Jinsi ya kufungua na kukarabati silinda kuu ya breki ya pikipiki kuukuu

MKONO wa breki ya pikipiki ukianza kuzama taratibu hadi kukaribia usukani, ilhali hakuna mafuta yanayovuja popote, mara nyingi hitilafu huwa ndani ya silinda kuu ya breki, ambayo mafundi huiita masta silinda. Kifaa hiki hutoshea kiganjani, lakini maisha ya dereva na abiria wake hutegemea mipira midogo iliyomo ndani yake.

Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa thamani ya ziada kwa pikipiki zenye injini ya chini ya 250cc mnamo 2008, bodaboda zimekuwa tegemeo la usafiri Migori na Homa Bay. Nyingi zimezeeka zikiwa kazini. Kuteremka Kanyamwa kuelekea bonde la Lambwe, au kupita kwenye vumbi la machimbo ya dhahabu ya Macalder ukiwa na abiria na mzigo, kunahitaji breki isiyo na shaka.

Si kila pikipiki iliyo na kifaa hiki. Boxer nyingi hutumia breki za dramu zinazovutwa kwa waya au fimbo. Maelezo haya yanahusu zile zenye breki ya diski kwenye gurudumu la mbele, kwa mfano Bajaj Pulsar na TVS Apache.

Dereva anapobana mkono wa breki, pistoni husukumwa ndani ya silinda na kuyasukuma mafuta kupitia paipu hadi kwenye pedi zinazobana diski. Mipira iliyovikwa pistoni ndiyo huzuia mafuta yasirudi nyuma. Ikichakaa, nguvu hupotea. Adui mkubwa ni maji: mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, nao huleta kutu na kushusha kiwango cha joto ambapo mafuta huchemka. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Yakichemka mteremkoni, mvuke hujaa kwenye paipu na breki hupotea ghafla.

Kabla ya kuanza, nunua mipira mipya inayolingana na aina ya pikipiki yako, washa mpya za shaba, na chupa ya mafuta ambayo haijafunguliwa. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta. Funika tangi kwa kitambaa, kwa kuwa mafuta haya hubambua rangi.

Fungua kifuniko kwa bisibisi inayokaa sawasawa, maana skrubu zake huharibika upesi. Nyonya mafuta ya zamani kwa sirinji. Ondoa mkono wa breki na swichi ya taa, kisha fungua bolti inayoshika paipu na uifunge ncha ya paipu kwa plastiki safi. Hatimaye fungua bolti mbili zinazoshika silinda kwenye usukani.

Mezani, toa kifuniko cha mpira kinachozuia vumbi. Ndani utaona pete ya chuma. Isukume pistoni kidogo na uitoe pete kwa koleo nyembamba, huku ukikinga macho kwani springi huweza kuirusha. Pistoni, mipira na springi zitatoka. Zipange kwa mfuatano zilivyotoka na utazame mdomo wa kila mpira ulielekea wapi.

Osha kila kitu kwa mafuta mapya ya breki au spiriti. Kamwe usitumie petroli, mafuta taa wala oili ya injini: hufura mipira na kuiharibu. Kagua ukuta wa ndani ya silinda kwa tochi. Doa jepesi huweza kufutika, lakini ukiona vishimo vya kutu au mkwaruzo unaonaswa na ukucha, silinda hiyo haifai tena. Mipira mipya haitaiponya. Nunua silinda nyingine.

Chini ya kikopo kuna vitundu viwili, na kimoja ni chembamba mno. Hakikisha kimezibuka. Kikiziba, mafuta hayawezi kurudi, breki hubaki imebana na gurudumu la mbele laweza kukwama njiani.

Unaporudisha, paka mafuta ya breki kwenye mipira na usukume pistoni polepole ili midomo isijikunje. Hakikisha pete imeingia kikamilifu kwenye mfereji wake. Weka washa mpya za shaba pande zote mbili za paipu.

Kisha toa hewa. Jaza kikopo, chomeka mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea hewa karibu na diski, na utumbukize ncha ya pili kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Bana breki mara kadhaa, ishikilie, legeza skrubu, ifunge, ndipo uachilie mkono. Rudia hadi povu liishe, bila kuacha kikopo kikauke. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Mwisho, bana breki kwa nguvu dakika nzima. Mkono usizame. Ukiachilia, gurudumu lizunguke bila kukwama. Ijaribu pikipiki kwenye uwanja mtupu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, kabla ya kupakia abiria. Badilisha mafuta angalau kila baada ya miaka miwili. Na kama jaribio lolote kati ya haya limeshindikana, pikipiki hiyo isirudi barabarani hadi fundi mwenye ujuzi aikague.