Ukakasi, Tanini na Mvinyo wa Mseto

Asiyezoea mvinyo mwekundu wa bei nafuu akionja funda la kwanza hukunja uso na kusema, "Mchungu." Mara nyingi anachokipata si uchungu. Ulimi umekauka, fizi zimekaza, mashavu kwa ndani yanakwaruza. Hali hiyo ina jina lake la siku nyingi: ukakasi, ule ule wa ndizi mbichi na wa bibo. Siku hizi neno hili tunalisikia zaidi katika siasa, mtu anaposema kifungu fulani cha sheria "kina ukakasi". Ni matumizi mazuri, lakini natamani neno lisihame kinywani, kwani hakuna jingine linaloifanya kazi hiyo sawasawa.

Kinacholeta ukakasi ni tanini. Istilahi hii imetoholewa, na asili yake ni neno la Kifaransa la gome la mwaloni lililosagwa kwa ajili ya kusindika ngozi. Tanini hushikamana na protini; ndivyo ngozi mbichi inavyogeuka kuwa ngozi ya viatu isiyooza. Pwani yetu inaifahamu biashara hiyo: magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalisafirishwa ng'ambo enzi za Wajerumani kwa sababu ya tanini yake. Kinywani, protini inayonaswa ni ya mate, ile inayoupa ulimi utelezi. Utelezi ukiondoka, nyama ya kinywa inasuguana. Kwa hiyo tanini ni kitu, ukakasi ni athari yake, na athari hiyo ni ya mguso, wala si ladha. Kuiita tanini "uchungu" ni kukosea mara mbili.

Chukua Côtes du Rhône, mvinyo wa kusini mwa Ufaransa ambao chupa zake nyingi huuzwa kwa bei ya kawaida. Mwekundu wake kwa desturi ni wa mseto, yaani umetokana na zabibu za aina zaidi ya moja. Grenache, yenye ganda jembamba, huleta kilevi na harufu ya matunda yaliyoiva, tanini yake ni ndogo. Syrah huongeza rangi na harufu ya pilipili manga, na harufu hiyo si ya kufikirika: kemikali iitwayo rotundoni imo katika zabibu hiyo na katika pilipili manga yenyewe. Mourvèdre, yenye ganda nene, ndiyo inayokaza fizi. Zote huchachuka pamoja na maganda na mbegu, na humo ndimo tanini inamotoka. Zabibu za mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakawekwa kando.

Nyumbani, piga funda, lizungushe kinywani, meza, kisha subiri. Mate yakichuruzika pembeni mwa ulimi, huo ni ugwadu wa asidi. Kinywa kikikauka, ni ukakasi. Ikibaki ladha ya mwarobaini nyuma ya ulimi, hapo sema uchungu. Funda moja laweza kuwa na vyote vitatu.

Jihadhari na "mvinyo mkavu". Ukavu huo ni wa sukari: karibu yote imegeuka kilevi. Mvinyo mweupe waweza kuwa mkavu kabisa na usiwe na ukakasi.

Joto nalo lina neno. Chupa iliyotoka kwenye friji sasa hivi huzidisha ukakasi; iliyokaa mezani katika joto la Dar es Salaam hutanguliza kilevi. Nyuzi 16 hadi 18 zinafaa.

Asiyetumia kileo anaweza kuujua ukakasi kwa chai ya rangi iliyoachiwa majani hadi ikawa nzito. Aionje hivyo, kisha atie maziwa na kuonja tena. Ukakasi utapungua, kwa kuwa protini ya maziwa imeikamata tanini kabla haijayafikia mate.