Meza ya Kikuyu

Wasikilizaji wetu wa Temeke na Kinondoni, twawapa leo habari za meza moja. Juni 1913 wamisheni wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu kutafuta umoja, na mwisho wakashiriki Meza ya Bwana katika kanisa la Wapresbiteri, Askofu Peel wa Mombasa akiongoza ibada. Askofu Weston wa Unguja akamshitaki yeye pamoja na Willis wa Uganda kwa uzushi. Hatudhani alisukumwa na chuki. Aliona kwamba Kanisa likiudharau uaskofu, halitajijua tena. Mwaka 1915 Askofu Mkuu wa Canterbury alijibu: hakuwahukumu washitakiwa, ila alishauri ibada ya namna ile isirudiwe. Jawabu la vuguvugu, twaona sisi. Mwaka 1918 misheni zilipatana kushirikiana tu, na 1926 zikafungua shule moja, Alliance, papo hapo Kikuyu. Makanisa yakabaki mbalimbali.