Kaseti Iliyovuka Rusumo

Ukisoma historia ya muziki wa dansi Tanzania, utatembezwa Dar es Salaam mpaka uchoke. Utazungushwa Ilala na Kinondoni, utaingizwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, utapitishwa Morogoro kwa heshima ya Mbaraka Mwinshehe na Tabora kwa heshima ya Tabora Jazz, kisha kitabu kitafungwa. Ngara haimo. Biharamulo haimo. Sababu inaeleweka hata bila kutajwa: huko hakukuwa na studio wala bendi iliyotikisa nchi.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na sababu hiyo inanikera. Inachukulia kwamba historia ya muziki ni ya wanaopiga peke yao. Lakini wanaosikiliza, wanaokusanya, wanaoamua kipi kipigwe na kipi kiachwe, hao nao wana historia. Na katika kona ile ya Kagera, kuchagua wimbo kuliwahi kuwa jambo la kufa na kupona.

Anza na ramani. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na mto Ruvubu unaungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kihangaza kinachosemwa Ngara ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, kiasi kwamba msikilizaji wa Ngara hahitaji mkalimani akisikia wimbo wa ng'ambo. Biharamulo, yenye boma la enzi za Wajerumani, iko ndani zaidi, lakini barabara imeifanya sebule ya watu wengi. Nyakanazi na Lusahunga ndipo malori ya Dar es Salaam yaendayo Kigali na Bujumbura yanapopumzika. Na dereva hasafiri kimya.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, redio ya Tanzania Bara ilikuwa moja tu, ya serikali, na matangazo yake ya ndani yalikuwa kwa Kiswahili. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa vituo binafsi. Radio One ikaanza 1994. Ila mtu wa Ngara hakuwa na haja ya kusubiri sheria. Alizungusha kitufe kidogo tu, akapata Radio Rwanda au Radio Burundi. Huko alisikia nyimbo katika lugha iliyofanana na ya bibi yake, pamoja na rumba ya Zaire ambayo kila kituo cha ukanda huu kiliipenda. Kwa hiyo kijana wa mpakani alikua na masikio matatu: moja la Dar es Salaam, moja la Kigali, moja la Bujumbura.

Santuri zilikuwa habari nyingine. Tanzania haikuwa na kiwanda chake cha kuzichapa kilichosimama. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, na aliyetaka kutoa santuri alitegemea Nairobi. Santuri iliyofika Ngara ilikuwa imekwisha zunguka sana, na ilihitaji gramafoni, sindano, na mwenye fedha. Hapo kuna kichekesho kichungu. Mwaka 1975 Joni Mitchell alitoa albamu The Hissing of Summer Lawns, na wimbo mmoja ndani yake, "The Jungle Line", ulijengwa juu ya rekodi ya wapiga ngoma wa Burundi. Miaka michache baadaye bendi za Uingereza kama Adam and the Ants ziliuchukua mdundo huo na kupata nao umaarufu. Mkusanya santuri wa London aliweza kuwa na ngoma za Burundi kabatini mwake, huku jirani wa Burundi aliyezisikia kwa masikio yake akiwa hajawahi kuiona santuri hiyo.

Kilichobadilisha mambo ni kaseti. Kampuni ya Philips iliitambulisha mwaka 1963, na katika miaka ya 1980 radio kaseti ilikwisha kuwa alama ya mtu aliyefanikiwa kidogo: amerudi kutoka mjini, ameuza kahawa vizuri. Kaseti ilivumilia vumbi na haikuogopa barabara mbovu. Zaidi ya yote, ilirekodi. Santuri ilimwambia msikilizaji, "Sikiliza." Kaseti ilimwambia, "Chagua."

Kukusanya muziki pasipo na umeme kulikuwa na kanuni zake. Betri zilikuwa ghali, basi zikichoka zilianikwa juani zipate pumzi ya mwisho. Kaseti haikurudishwa nyuma kwa mashine, maana huko ni kula betri. Ilirudishwa kwa kalamu ya Bic iliyochomekwa tunduni na kuzungushwa kwa mkono. Ukitaka wimbo wa redio, ulikaa na kidole juu ya kitufe ukiomba mtangazaji asiongee katikati. Ukiwa na fedha, ulipeleka orodha kwa kijana wa duka la kurekodi, naye akakujazia dakika 60 au 90 kwa mpangilio wake. Jina la bendi liliandikwa kwa mkono, mara nyingi likikosewa. Hakuna aliyelipwa mrahaba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja 1999, na hata hapo ilichukua muda mrefu kufika dukani. Wanamuziki waliumia, na hilo halina utetezi. Lakini ni kwa njia hiyo watu waliosahauliwa na kampuni zote walijijengea maktaba.

Kisha ikaja 1994.

Tarehe 28 na 29 Aprili, ndani ya takriban saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitokea Rwanda. Walipiga kambi Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Baadaye zikafunguliwa kambi nyingine, zikiwemo Lumasi, Musuhura na Lukole. Muda si mrefu wakimbizi wakawazidi wenyeji wa wilaya nzima. Kambini yakaota masoko, vinyozi, vilabu vya pombe. Penye soko na pombe hapakosi muziki.

Lakini muziki gani? Hapa ndipo historia hii inapoacha kuwa ya kupendeza. Kituo cha RTLM, kilichoanza Kigali Julai 1993, kiliwanasa vijana kwanza kwa muziki. Kilipiga nyimbo motomoto za Zaire, watangazaji wakitania kama marafiki wa baani, huku Radio Rwanda ikiendelea na urasmi wake. Walipozoeleka ndipo chuki ikaongezwa dozi, na kati ya nyimbo zilizopigwa zimo za Simon Bikindi, mtunzi aliyekuwa na kipaji kisichobishaniwa. Wakati huohuo, miongoni mwa waliouawa katika mauaji ya kimbari alikuwamo André Sebanani, mwimbaji wa Orchestre Impala na mwigizaji wa michezo ya Radio Rwanda, sauti iliyopendwa na watu wa makabila yote.

Sasa fikiria kambi. Ndani yake wamo waliokimbia vita wasio na hatia, na wamo walioua. Kaseti ya Impala ikipigwa pale, ni kumbukumbu ya nyumbani kwa mmoja na ni sauti ya marehemu kwa mwingine. Kaseti ya Bikindi ikipigwa, kuna anayeona ni ngoma ya harusi, na kuna anayejua ni ujumbe. Mtu mwenye radio kaseti katika kibanda cha pombe hakuwa anaburudisha tu. Alikuwa anasema yuko upande gani, hata kama hakukusudia.

Mwaka 1995, Shirika la Wajesuiti la Huduma kwa Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, Ngara. Kwizera ni kuamini, kutumaini. Mwaka huohuo, ng'ambo ya pili, Studio Ijambo ilianzishwa Bujumbura kwa lengo la kutengeneza vipindi vinavyopatanisha. Redio ilikuwa imetumika kuua; sasa ilibidi itumike kuponya. Tunapozungumzia vituo vya aina hii huwa tunataja habari, afya, elimu na salamu za ndugu waliopotezana. Mimi nataka tuutaje na muziki. Katika studio inayosikilizwa na wenyeji, Wanyarwanda na Warundi kwa pamoja, wimbo hauwezi kuchaguliwa kwa bahati nasibu. Lugha yake ina maana. Mwimbaji wake ana maana. Hata mwaka wake una maana. DJ wa Dar es Salaam akikosea, watu hawachezi. Wa Ngara akikosea, watu wanakumbuka.

Desemba 1996 serikali ya Tanzania na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi walijaribu kukimbilia ndani ya nchi; jeshi likawageuza kuelekea Rusumo. Mtu anayeondoka hivyo hubeba godoro, sufuria, mtoto. Kaseti huachwa, huuzwa, hugawiwa jirani. Lukole, yenye Warundi, ilidumu hadi 2008. Kwa zaidi ya miaka 10, basi, vijana wa Ngara na Biharamulo waliishi jirani na nchi nyingine, wakinunua na kubadilishana sauti zake.

Mwelekeo wa pili upo pia, na unafurahisha. Mwaka 2001, Saida Karoli kutoka Bukoba alitoka na Maria Salome, wimbo wa Kihaya uliovuka mipaka na kupendwa Uganda, Rwanda na Burundi. Safari hii Kagera ndiyo iliyokuwa inapeleka. Mwaka 2016 Diamond Platnumz aliufufua kama Salome, akiwa na Rayvanny, na kizazi kipya kikadhani umeanza hapo. Kaseti ilikwisha kufa. Zilikuja CD za kuchoma, ikaja memori kadi iliyojazwa nyimbo mia tano kwa bei ya soda, zikaja simu za kurushiana kwa Bluetooth. Leo maporomoko ya Rusumo yenyewe yana mtambo wa megawati 80 unaogawanywa na nchi tatu. Hakuna tena anayeanika betri.

Ulimwengu, kwa upande wake, umegundua kwamba muziki wetu wa zamani ni mali. Buda Musique ya Paris ilitoa mfululizo wa Zanzibara. Kampala kuna Nyege Nyege Tapes, iliyoifikisha singeli kwenye masikio ya Ulaya kwa Sounds of Sisso mwaka 2017. Wanunuzi wa santuri wanapekua vibanda vya Kenyatta Market, Nairobi. Lakini mpekuzi hufuata lebo, na kaseti ya Ngara haina lebo. Ina mwandiko wa mtu. Sokoni thamani yake ni sifuri, na utepe wake unashika ukungu kila masika.

Nami nasema zihifadhiwe, pamoja na zile zinazotutia aibu. Najua ubishi uliopo: kwa nini tutunze nyimbo za chuki? Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa hapa kwetu Arusha, ilipambana na swali hilo kwa miaka. Desemba 2008 ilimhukumu Bikindi kifungo cha miaka 15. Ilikubali kwamba nyimbo zake zilitumika katika kampeni ya chuki, lakini kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani, Juni 1994. Mahakama isingeweza kupima tofauti hiyo kama kanda zisingekuwapo. Aliyechoma kanda angekuwa amemsaidia mshtakiwa, au amemwonea.

Kwa hiyo, kama una mjomba Ngara au Biharamulo mwenye boksi la kaseti chini ya kitanda, usilicheke. Usianze kwa kuuliza ni bendi gani. Muulize aliipata wapi, kwa nani, mwaka gani. Alikuwa akiipiga wapi, na nani akisikiliza. Na ipo ipi ambayo aliacha kuipiga, na kwa nini. Andika majibu kwenye karatasi, ukunje, uweke ndani ya kasha pamoja na utepe. Hilo la mwisho, la kaseti iliyoacha kupigwa, usilipite haraka. Mpe muda mjomba.