Ngozi, Mpira na Kizibo: Historia ya Mto wa Kujaza Upepo

Mto wa safari unaojazwa upepo, ambao siku hizi huuzwa ukiwa umekunjwa ndani ya kimfuko kinachoenea kiganjani na ambao ukiwa mwepesi hasa hupima gramu 60 hadi 80 tu, kwa kawaida huchaguliwa kwa kutazamwa rangi, umbo na ulaini wa kitambaa chake. Historia yake, hata hivyo, haikuendeshwa na mambo hayo. Upepo hupatikana bure popote palipo na mapafu ya binadamu, nao hauongezi uzito wa kuhesabika katika mzigo. Taabu yote ya karne nyingi imekuwa kupata kitu chembamba cha kuuzuia usitoke, pamoja na mlango utakaouruhusu uingie kwa wepesi na ubaki ndani hadi alfajiri. Anayenunua mto wa aina hiyo leo, iwe ni kwa ajili ya kupanda Mlima Kilimanjaro au kwa safari ndefu ya ndege, hurithi majibu ya maswali hayo mawili, na baadhi ya majibu hayo yaligharimu zaidi ya fedha.

Inafaa kukumbuka kwanza kwamba wengi wa watu wa kale hawakuutafuta ulaini. Katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyefariki karibu mwaka 1323 kabla ya Kristo na ambaye kaburi lake liligunduliwa mwaka 1922, vilikutwa viegemeo kadhaa vya kichwa, yaani vigoda vidogo vyenye tako, shina na sehemu ya juu iliyopinda mithili ya mwezi mwandamo, kikiwemo kimoja cha pembe ya ndovu na kingine cha kioo cha buluu. Viegemeo vya namna hiyo, ambavyo huinua kichwa juu ya ardhi, huacha hewa ipite shingoni na kuzilinda nywele zilizosukwa kwa siku nyingi, vimetumiwa pia na Wasomali, Waoromo, Wapokot na Waturkana. Na ekicholong ya mwanamume wa Kiturkana, inayochongwa kwa kipande kimoja cha mti na kutiwa kitanzi cha ngozi cha kubebea, ni kigoda mchana na mto usiku. Kwa mfugaji anayehama na mifugo yake, kifaa hicho kilitimiza sharti ambalo watengenezaji wa vifaa vya kambi hulihubiri leo kana kwamba wamelivumbua wao, kwamba kila kinachobebwa kifanye kazi zaidi ya moja. Upande wa pwani mto laini ulikuwepo, nao ulijazwa sufi, yaani nyuzi nyepesi zinazotoka katika maganda ya mti wa msufi. Lakini sufi, pamoja na wepesi wake, huchukua nafasi kubwa na baada ya muda hugandamana mabonge, kwa hiyo mto huo ulibaki kuwa wa kitandani.

Wazo la kufungia upepo ndani ya chombo chepesi nalo ni la kale, ila lilianzia majini. Katika michoro ya mawe iliyotoka katika jumba la Ashurnasirpal wa Pili, mfalme wa Ashuru aliyetawala kuanzia mwaka 883 hadi 859 kabla ya Kristo, michoro ambayo sasa imehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza jijini London, wanaonekana watu wakivuka maji huku wamekumbatia viriba vya ngozi ya mbuzi vilivyojazwa upepo, na mmoja wao ameweka mdomo kwenye mguu wa kiriba akiendelea kukipuliza. Mchoro huo unaeleza kasoro ya teknolojia hiyo waziwazi kuliko maelezo yoyote: ngozi huvuja, na fundo la kamba si kizibo cha kutegemewa. Waroma nao walijua matumizi mengine, kwani mkusanyiko wa wasifu wa makaisari unaoitwa Historia Augusta, ambao wanahistoria huusoma kwa tahadhari kubwa kwa sababu mtunzi wake hakujizuia kutia chumvi, unasimulia kwamba Kaisari Elagabalus, aliyetawala kuanzia mwaka 218 hadi 222, aliwakalisha wageni wake juu ya mifuko ya upepo badala ya matakia, kisha upepo ukaachiwa katikati ya mlo hata wageni wakajikuta chini ya meza. Iwe kweli au uzushi, kisa hicho kinaonyesha kwamba takia la upepo liliweza kufikiriwa zamani sana, ingawa hakuna aliyekuwa na kitu kizuri cha kulitengenezea.

Kitu hicho kilikuwa kikichuruzika kutoka kwenye miti ya Amerika ya Kusini. Mwanasayansi Mfaransa Charles Marie de La Condamine, aliyekuwa amekwenda huko na msafara wa kupima umbo la dunia, alipeleka Paris vipande vya utomvu mkavu wa mpira mwaka 1736, na baadaye akaeleza jinsi wenyeji wa Amazon walivyoutumia kutengenezea chupa zisizovunjika na viatu visivyopitisha maji. Ulaya iliuchezea mpira kwa miongo mingi bila kujua namna ya kuupaka juu ya kitambaa, hadi Charles Macintosh wa Glasgow, ambaye kiwanda chake cha rangi kilitumia lami ya makaa ya mawe iliyotoka katika mitambo ya gesi ya mji huo, alipogundua kwamba nafta, yaani mafuta mepesi yanayopatikana kwa kuikeneka lami hiyo, huuyeyusha mpira vizuri. Hataza yake ya mwaka 1823 ilihusu vitambaa viwili vilivyogandishwa pamoja kwa tabaka la mpira katikati. Umaarufu wake ulitokana na makoti ya mvua, lakini kitambaa kinachozuia maji huzuia pia upepo, na haikuchukua muda kampuni yake, ambayo Thomas Hancock wa London alishirikiana nayo baada ya kubuni mashine ya kuusaga na kuulainisha mpira, ikawa inauza magodoro, matakia na mito ya kujaza upepo. Mito hiyo ilikuwa na bomba dogo la shaba lenye kizibo cha kuzungusha kwa vidole, ikawafaa wagonjwa waliolala muda mrefu, abiria wa magari ya farasi na maofisa waliosafiri mbali na makwao.

Tatizo lilikuwa hali ya hewa. Mpira wa wakati huo, ukipata joto, uliyeyuka na kunata, na ukipata baridi ulikauka na kupasuka, jambo ambalo katika koti huudhi tu lakini katika mto huufanya usiwe mto tena. Ni katika hatua hii ambapo kifaa cha kujaza upepo, ambacho vitabu vingi vya historia ya viwanda hukipita bila kukitazama, kilishika nafasi ya pekee. Mwaka 1834 Mmarekani Charles Goodyear, mfanyabiashara wa vyombo vya chuma aliyekuwa amefilisika, aliingia katika duka la kampuni ya mpira ya Roxbury jijini New York, akavutiwa na boya la kujiokolea lililojazwa upepo na kuona kwamba vali yake, yaani kilango cha kuingizia na kuzuilia upepo, ilikuwa duni. Alirudi na vali bora aliyoibuni mwenyewe, akitumaini kuiuza, na jibu alilopata lilikuwa kwamba vali haikuwa shida ya kampuni hiyo: bidhaa zake zilikuwa zikirudishwa zimeyeyuka na kunuka, na anayetaka utajiri atafute namna ya kuuponya mpira wenyewe. Goodyear aliuacha mlango, akaishughulikia ngozi.

Alitumia miaka mitano iliyofuata katika majaribio, madeni na jela za wadaiwa, hadi mwaka 1839, katika mji wa Woburn jimboni Massachusetts, mpira uliochanganywa na salfa ulipogusa jiko la moto nao, badala ya kuyeyuka, ukakauka kama ngozi huku ukibaki na mnyumbuko wake. Salfa, kama kemia ilivyokuja kueleza baadaye, huunganisha minyororo mirefu ya molekuli za mpira ili isiteleze moja juu ya nyingine, na kazi hiyo ya kuupika mpira pamoja na salfa ndiyo inayoitwa vulkanisho. Goodyear alipata hataza yake Marekani mwaka 1844, lakini nchini Uingereza alikuta Hancock, ambaye tayari alikuwa ameviona vipande vya mpira huo uliopikwa, amekwisha kuomba hataza tangu Novemba 1843. Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 Goodyear alijaza ukumbi mzima kwa vitu vya mpira. Alifariki mwaka 1860 akiwa na madeni makubwa.

Mpira uliopikwa ulitengeneza mto wa kuaminika, na pia ulianzisha njaa ya malighafi ambayo Afrika iliilipia. Mipira ya pori ya jenasi ya Landolphia ilikuwa ikigemwa katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki na kusafirishwa kupitia Zanzibar, na spishi mojawapo, Landolphia kirkii, imepewa jina la John Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza kisiwani humo. Baada ya John Boyd Dunlop kuanzisha tairi la upepo la baiskeli mwaka 1888, mahitaji yalipanda kwa namna isiyowahi kuonekana, na katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuanzia mwaka 1885 hadi 1908, wanavijiji walilazimishwa kwa bunduki, mateka na mijeledi kupeleka viwango vya mpira, mambo yaliyoelezwa katika ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, ya mwaka 1904. Haitakuwa haki kuutwisha mto wa kambi mzigo wa uhalifu uliochochewa zaidi na tairi, lakini haitakuwa kweli pia kuusimulia ustadi wa Glasgow na Massachusetts bila kutaja utomvu ulitoka wapi. Mashamba ya mpira ya Wajerumani katika Tanganyika yalianguka mwaka 1913, baada ya mpira wa bei nafuu wa Asia ya Kusini-Mashariki, uliotokana na mbegu ambazo Henry Wickham alizichukua Brazili mwaka 1876, kufurika sokoni.

Mto wa mpira ulidumu hadi plastiki ilipoupokonya nafasi. Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich, aliigeuza PVC, plastiki ambayo kwa asili ni ngumu, ikawa laini kwa kuichanganya na vimiminika vya kulainisha. Baadaye ikawezekana kuunganisha kingo za karatasi zake kwa joto la mawimbi ya redio, pasipo gundi wala uzi. Kutokana na ufundi huo yalitoka maboya ya watoto, mito ya shingo ya umbo la kiatu cha farasi na hata kiti cha upepo kilichoitwa Blow, ambacho kampuni ya Zanotta ya Italia ilikitoa mwaka 1967. PVC ni rahisi na haipitishi upepo, lakini ni nzito, hunata kwenye shavu lenye jasho, hutoa harufu ikiwa mpya na hukakamaa kwenye baridi. Kwa mpanda mlima ilikuwa karibu kurudi nyuma.

Mabadiliko ya kweli yalitokana na nailoni, iliyobuniwa na Wallace Carothers katika maabara za DuPont mwaka 1935, na poliyurethani, ambayo Otto Bayer na wenzake waliitengeneza Ujerumani mwaka 1937. Aina yake inayolainika kwa joto, ambayo kwa kifupi huitwa TPU, inaweza kupakwa kama utando mwembamba juu ya kitambaa cha nailoni au poliesta, kisha kingo zikachomelewa kwa joto. Kitambaa hubeba mvuto, utando huzuia upepo, na wazo la Macintosh la kugawa kazi hizo mbili likawa limerudi katika uzito mdogo zaidi. Wembamba wa uzi wa kitambaa hicho hutajwa kwa denia, yaani idadi ya gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000, kwa hiyo mto wa denia 20 ni mwepesi kuliko wa denia 50 lakini huchanika upesi zaidi.

Kwa msingi huo, swali la kwanza la mnunuzi linapaswa kuhusu mahali mto utakapotumika. Anayepanda Kilimanjaro, ambako kanuni za hifadhi hazimruhusu mpagazi abebe zaidi ya kilo 20, ana sababu ya kuhesabu gramu. Abiria wa basi hana, naye atafaidika zaidi na kitambaa kinene kinachofyonza jasho. Anayelala kwenye kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, ajue kwamba hewa ya huko ina msukumo unaozidi kidogo tu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo mto uliojazwa na kufungwa Moshi utavimba kwa hatari kabla haujafika. Na mto uliojazwa jioni kwenye nyuzi 20, ukishushwa na usiku hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, hupoteza karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya ujazo wake pasipo kutoboka popote. Wengi wanaorudisha mto dukani kwa madai kwamba unavuja wamerudisha mto mzima uliopatwa na baridi. Ndani ya ndege tofauti ya msukumo wa hewa hujirudia kwa kiasi kidogo, na mto uliojazwa angani hulegea wakati wa kutua.

Vali nayo ina uzito ule ule iliokuwa nao machoni pa Goodyear. Iliyo bora huwa na ulimi wa njia moja unaoruhusu pumzi iingie bila kurudi, ukibonyezwa kidogo hupunguza upepo kwa kadiri anayoitaka mlalaji, na chini yake upo mdomo mpana wa kuumwaga wote mara moja. Uwezo wa kupunguza kidogo kidogo ndio unaostahili kulipiwa, kwa sababu mto uliojaa pomoni huirusha shingo kama mpira wa kuchezea, na anayelala ubavu huhitaji kimo kinachojaza nafasi kati ya bega na sikio, kimo ambacho hakifanani kati ya mtu na mtu. Pumzi ya kinywani huingia na unyevu, na mto unaohifadhiwa ukiwa umefungwa huweza kuota ukungu ndani, kwa hiyo huanikwa kivulini vali ikiwa wazi.

Mto wa mpira uliotoboka uliweza kuzibwa na fundi baiskeli yeyote kwa kiraka na solusheni, ambayo kwa asili yake ni mpira ulioyeyushwa ndani ya mafuta mepesi kwa kanuni ile ile ya Glasgow ya mwaka 1823. Solusheni hiyo haishiki vizuri juu ya PVC wala TPU, na kiraka chake hubanduka usiku wa kwanza. Mto wa TPU huhitaji gundi ya poliyurethani, ambayo hukauka kwa saa kadhaa na haipatikani katika kila duka la vipuri, hivyo anayekwenda safari ya siku nyingi hana budi kuinunua siku anayonunua mto.