Mzigo wa Mfululizo

Birika la umeme la wati 3,000 huvuta ampea 13, ukomo wa plagi ya pini tatu inayotumika Kenya, Tanzania na Uingereza, na hakuna anayeliogopa. Gari la umeme likichomekwa kwenye soketi hiyohiyo kwa chaja ya kubebeka, aghalabu huvuta ampea 10 tu. Hata hivyo, gari ndilo linaloweza kuyeyusha soketi. Birika huchemka kwa dakika chache likajizima. Nissan Leaf za mwanzo, zenye betri ya kilowati-saa 24, zikiishiwa kabisa huhitaji zaidi ya saa kumi kujaa.

Kanuni za umeme za Marekani zina istilahi ya matumizi ya namna hii: mzigo ambao mkondo wake wa juu kabisa unatarajiwa kupita kwa saa 3 au zaidi bila kukoma. Kwa Kiswahili uitweje?

Neno “mzigo” halina ubishi. Mafundi wengi husema “lodi”, lakini hamali yeyote anajua kwamba gunia la kushusha kutoka lorini hadi ghalani si sawa na gunia hilohilo likikaa mgongoni kutwa. Kazi iko kwenye sifa yake. “Endelevu” limeshatekwa na watu wa mipango ya maendeleo. “Mzigo endelevu” utasikika kama kampeni ya kupanda miti. “Wa kudumu” hudokeza kisichoondoka, kama ajira ya kudumu, ilhali gari huchomolewa asubuhi. Linalobaki ni “mfululizo”, kama mvua ya siku tatu mfululizo: ina mwanzo, ina mwisho, ila katikati haipumziki. Hilo ndilo hasa linaloitesa soketi.

Joto huzaliwa pale chuma kinapogusana na chuma. Soketi iliyolegea, au skrubu ya waya isiyokazwa, huongeza ukinzani. Ukinzani wa omu 0.1 tu, ukipitiwa na ampea 10, hutoa wati 10 za joto mahali padogo kama ukucha. Kwa dakika tatu si kitu. Usiku kucha, plastiki hubadilika rangi, viungo huchakaa, ukinzani hupanda, na joto hupanda nao. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huwa mara nne. Ndiyo maana Marekani saketi ya kawaida ya ampea 15 hubebeshwa mzigo wa mfululizo usiozidi ampea 12, yaani asilimia 80.

Wenye Leaf zilizotumika Japani wana hatari yao. Waya wa kuchajia wa huko hutengenezwa kwa soketi maalumu ya volti 200 na ampea 15. Ukiunganishwa kwa adapta kwenye soketi ya ampea 13, fyuzi huenda isikatike upesi, na plagi ikaungua kwanza. Eksitensheni iliyoviringishwa ni mbaya vilevile, kwa kuwa hufungia joto ndani.

Gari lipewe soketi yake peke yake, waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye meinswichi, athi iliyopimwa, na swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Fundi akija, usimwulize kama soketi ni nzima. Mwulize kama itabeba ampea 10 kwa saa kumi mfululizo. Akijibu kwamba pasi na birika hutumia hapo bila tatizo, tafuta fundi mwingine.