Soweto ilianza na "hatuelewi"

Wasee, mnajua Siku ya Mtoto wa Afrika ilitokana na mambo ya darasani, kama somo la hesabu? Si utani.

Twende Afrika Kusini. Mwaka 1953 serikali ya ubaguzi wa rangi ilipitisha Sheria ya Elimu ya Wabantu, ili mtoto mweusi asome kiasi cha kumtumikia mzungu tu. Halafu 1974 ikaja amri nyingine: masomo kama hesabu na maarifa ya jamii yafundishwe kwa Kiafrikana. Sasa fikiria, hesabu yenyewe ni ngumu, halafu unaelezwa kwa lugha ambayo hata mwalimu wako haijui vizuri.

Watu wengi huanza hii stori na risasi. Mimi naanza mapema kidogo. Mei 1976, wanafunzi wa shule moja ya Orlando West, Soweto, walikataa kuingia darasani. Walichokuwa wanasema ni rahisi: kwa lugha hii hatuelewi. Hata wazazi na bodi za shule kadhaa walikuwa wamelalamika. Serikali ikatia pamba masikioni.

Juni 16, maelfu wakaandamana. Polisi wakafyatua risasi. Hastings Ndlovu, miaka 15, akafa. Hector Pieterson, miaka 12, akafa. Ghasia zikasambaa nchini na mamia wakauawa. Halafu Julai, serikali hiyohiyo ikaiondoa ile amri ya lugha. Yaani iliwezekana kumbe! Jambo ambalo barua moja ingemaliza mwezi Mei lilingoja watoto wazikwe kwanza.

Tangu 1991 Afrika huadhimisha siku hiyo. Hapa Kenya mimi nimeikariria mashairi yaliyotungwa na mwalimu, nikapigiwa makofi. Kesho yake ukiuliza swali mara ya pili, unaambiwa unapotezea wenzako wakati.

Sisemi mwalimu aachie darasa lijiendeshe. Najua ana silabasi ya kumaliza na pengine wanafunzi 60 mbele yake. Lakini dakika tano za mwisho wa kipindi zinatosha. Kila mtu aandike kwenye kikaratasi, bila jina, ni wapi amepotelea. Kipindi kinachofuata kianzie hapo.

Na wewe uliye darasani, andika ukweli. Ukisema huelewi, huo si utovu wa nidhamu. Unamwambia mwalimu kitu ambacho hawezi kukijua bila wewe.