Tarehe ya Timu ya Pawtucket

Pawtucket, mji mdogo wa jimbo la Rhode Island, ndiko Wamarekani walikoanza kusokota pamba kwa mashine zinazoendeshwa na nguvu ya maji. Samuel Slater, fundi aliyetoka Uingereza, ndiye aliyezisimamisha mashine hizo mwaka 1790, na kwa vizazi kadhaa mji ukala jasho la viwanda vya nguo. Merikani waliyovaa wazee wetu wa Pwani ilitoka ukanda huohuo wa New England, ikishushwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem. Viwanda vilipofungwa kimoja baada ya kingine, wenyeji wa Pawtucket walibakiwa na machache ya kujivunia, na moja lilikuwa timu yao ya besiboli.

Uwanja ulitangulia timu. Meya Thomas P. McCoy alichagua kuujenga penye kinamasi, na kazi ikameza zaidi ya dola milioni moja, fedha nyingi mno kwa zama zile. Nguvukazi ilitoka katika mpango wa serikali ya Rais Roosevelt wa kuwapa ajira waliokosa kazi. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1942, na baadaye ukapewa jina la meya huyo. Timu zilikuja zikaondoka. Slaters, waliojiita kwa heshima ya yule fundi wa pamba, walicheza pale kuanzia 1946 hadi 1949. Mwaka 1970 Boston Red Sox, klabu ya Ligi Kuu, walileta timu yao ya daraja la AA, na mwaka 1973 wakaweka pale timu ya AAA, daraja lililo chini ya Ligi Kuu kwa ngazi moja tu. Msimu huohuo timu hiyo ikatwaa Kombe la Magavana, taji la ligi yao.

Msomaji wa soka afahamu jinsi ligi hizi za chini zinavyoendeshwa. Wachezaji na makocha ni wa klabu kubwa. Boston ndiyo iliyowalipa, na Boston ilipomhitaji kijana jioni ileile, alifunga mizigo na kuondoka. Mwenye timu ya Pawtucket hakuwa na sauti juu ya nani acheze. Chake kilikuwa kiingilio, vyakula, matangazo na uwanja. Biashara yake yote iliwategemea watu wa mji, na wao walimshangilia kijana ambaye mwezi uliofuata huenda asingekuwepo.

Kufikia mwisho wa 1976 timu ilikuwa imefilisika. Aliyeiokoa ni Ben Mondor, mzaliwa wa Quebec aliyekulia Rhode Island na kutajirika kwa kununua viwanda vya nguo vilivyokuwa vinakufa na kuvifufua. Aliichukua mwaka 1977. Msimu wake wa kwanza watazamaji walikuwa kama 70,000 tu, japo timu iliongoza ligi. Mondor alisafisha uwanja, akaweka viingilio vya bei nafuu, akaacha maegesho yawe ya bure, na mwenyewe akawa anazunguka majukwaani kuwaamkia watu. Mwaka 2005 walioingia walipita 688,000.

Kulikuwa na jambo McCoy ambalo viwanja vingine havikuwa nalo. Vibanda vya wachezaji vilikuwa chini ya majukwaa, kwa hiyo mtoto aliyetaka saini hakuweza kumfikia mchezaji kwa mkono. Watoto walikata madumu matupu ya maziwa, wakatia mpira na kalamu ndani, wakafunga kamba na kuteremsha kama wavuvi. Mchezaji aliye chini alitoa mpira, akasaini, akaurudisha dumuni, akaitikisa kamba. Wengi waliokuja kuwa nyota Boston walianza kutia saini zao kwa njia hiyo.

Lakini dunia inaijua Pawtucket kwa usiku mmoja. Tarehe 18 Aprili 1981, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, walicheza na Rochester Red Wings mbele ya watu 1,740. Mchezo wa kawaida ni mizunguko 9, na wakilingana huongezwa mzunguko baada ya mzunguko hadi mshindi apatikane. Ligi ilikuwa na kanuni ya kusimamisha mchezo usiku ukiwa mwingi, ila kijitabu walichokuwa nacho waamuzi usiku huo hakikuwa na kifungu hicho. Wakaendelea. Baridi ilikuwa kali hata wachezaji wakachoma magongo yaliyovunjika ndani ya mapipa ili waote moto. Mzunguko wa 21 Rochester walipata bao, na Wade Boggs wa Pawtucket akasawazisha. Boggs alisimulia baadaye kuwa hakujua kama wenzake wangemkumbatia au wangempiga. Rais wa ligi alipopatikana kwa simu, akaamuru wasimame. Ilikuwa saa kumi na dakika saba alfajiri, mizunguko 32 imekwisha, matokeo ni 2–2, na majukwaani wamebaki watu 19. Kila mmoja wao alipewa pasi ya kuingia uwanjani bure.

Walimalizia tarehe 23 Juni, siku ambazo Ligi Kuu ilikuwa kwenye mgomo na waandishi wa habari hawakuwa na michezo ya ligi hiyo ya kuripoti. Ilichukua dakika 18. Mzunguko wa 33, Dave Koza wa Pawtucket alipiga mpira uliomleta mwenzake Marty Barrett nyumbani na kuwapa bao la ushindi, 3–2. Jumla ni saa 8 na dakika 25, na hakuna mchezo wa besiboli ya kulipwa uliowahi kuwa mrefu kuliko huo. Boggs alikuwa upande mmoja, Cal Ripken upande wa pili, na wote wawili waliishia katika Jumba la Mashujaa la besiboli.

Mondor alifariki mwaka 2010. Mwaka 2015 timu iliuzwa kwa kundi la matajiri, nao wakataka uwanja mpya, kwanza Providence, kisha Pawtucket penyewe, fedha za umma zikichangia. Mazungumzo yakavutana, na Agosti 2018 wakatangaza kuhamia Worcester, Massachusetts. Msimu wa 2020, uliopaswa kuwa wa kuagana, ulifutwa kwa sababu ya korona. Watu wa Pawtucket waliletewa meza wakala chakula cha jioni juu ya nyasi za uwanja, basi. Mwaka 2021 timu ikaanza maisha mapya Worcester, na mwaka 2025 McCoy ukabomolewa kupisha shule ya sekondari.

Mimi namheshimu sana Mondor, lakini wema wake ulikuwa wa mtu mmoja, na mtu hufa. Waangalieni Rochester, wapinzani wao wa usiku ule wa 1981. Mwaka 1957, St. Louis Cardinals, klabu kubwa iliyoimiliki timu hiyo, walipotaka kuachana na Rochester, mfanyabiashara Morrie Silver aliwahamasisha wenyeji, na watu 8,222 wakanunua hisa za timu yao. Uwanja wao ulipochakaa, Red Wings walihamia uwanja mpya mwaka 1997, ndani ya mji uleule. Pawtucket iliipenda timu yake kama Rochester ilivyoipenda yake. Tofauti ni kwamba watu wa Rochester walikuwa na hati mkononi, na timu yao haijahama.